Kaniki Isiyong'aa

1

Kigari kilikwepa pipa, kikamgonga mtu.

Hidaya Shekiondo aliitazama picha hiyo mara ya kwanza akiwa amesimama. Mara ya pili ilibidi aketi. Ilikuwa imetoka kwenye jicho la kigari chenyewe, na ndani yake barabara ya Pangani ilikuwa ya kijivu, kama iliyomwagiwa majivu. Watoto wa shule walipita kando wakiwaka kama makaa yanayotembea. Mama mmoja alikuwa na kanga iliyowaka, na mtoto mgongoni aliyewaka zaidi yake. Mbele kidogo, penye shimo la mafundi wa lami, palikuwa na pipa lililopakwa rangi kuanzia mdomoni hadi kitako. Nalo liliwaka.

Kigari kilikuwa kimebeba mikate. Kililiona pipa kwa mbali, kikajisogeza kushoto kulipisha. Huko kushoto hapakuwa na kitu pichani. Kisha picha ikatikisika.

"Hapo," alisema Bwana Ndimbo, mkuu wa maabara ya kiwanda cha rangi. "Unaona? Hapana kitu pale."

"Pale yupo mama mdogo wangu."

Ndimbo alizima picha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye tabia ya kusugua miwani kwa ncha ya tai kila alipotakiwa kusema jambo gumu. "Pole sana, Hidaya. Namaanisha kwa jicho la kigari. Hakuwa na rangi."

Hakuwa nayo kwa sababu alikuwa akikaa eda. Mwantumu, mdogo wake mama yake Hidaya, alikuwa amefiwa na mume, na kama walivyofanya wanawake wote wa ukoo wao, alivua kila kinachometa, akajifunga kaniki nyeusi kuukuu. Hakutoka nyumbani ila kwa dharura. Siku ile dharura ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Sasa alilala hospitali, mfupa wa paja umevunjika.

Hidaya aliutazama ukuta wa maabara, palipotundikwa vipande vya kitambaa kwa mpangilio: vyekundu vilivyofifia upande mmoja, vyekundu vinavyochoma macho upande wa pili. Kazi yake ilikuwa pale, ukutani.

Alikuwa ametoka chuoni karibuni alipoianza. Wakati huo vigari visivyo na dereva vilikuwa vimekwisha kuenea Tanga yote, vikipeleka maji, mikate na wagonjwa, na sheria ikamtaka kila atembeaye avae rangi ambayo vigari vingeitambua. Rangi hiyo ilitoka ng'ambo. Ilikuwa ghali, na jua la Tanga liliila kabla ya msimu kwisha. Waliogongwa walikuwa wale wasioweza kununua nyingine. Hidaya hakuweza kulala kwa kuwafikiria. Alichukua ngeu, udongo mwekundu wa milima ya Usambara ambao maseremala walichorea mbao tangu zamani. Ngeu haipauki hata ikae juani miaka, lakini wekundu wake umelala, kwa sababu mwanga mwingi unaoipiga huumeza ukageuka joto, na mwekundu kidogo tu ndio unaorudi. Hidaya aliivika kila chembe gamba jembamba la fuwele. Gamba lile liliunasa mwanga wa buluu na wa kijani kabla udongo haujaumeza, likaurudisha nje ukiwa mwekundu. Ngeu ikawa inatoa wekundu mwingi kuliko ulioipiga. Watu waliiita ngeu hai, na bei yake ilikuwa ndogo kama ya chumvi.

Basi watu wa mtaa wa Kisimani wakaipaka kila mahali. Nguo kwanza, halafu mifuniko ya visima, pembe za mbuzi, ndoo. Hawakuona sababu ya kuacha rangi nzuri ikauke koponi. "Kilichopakwa hakigongwi," walisema, na mafundi walipoacha shimo wazi, majirani walilipaka pipa ili vigari visije vikatumbukia. Walifanya wema.

"Kampuni ya vigari inakuomba uje barazani Jumatatu, shauri la ajali litakaposikilizwa, uwe mtaalamu wao," Ndimbo alisema. "Wamekutaja kwa jina."

"Niseme nini?"

"Useme kweli. Kwamba hakuwa na rangi." Akaanza kusugua miwani. "Nimewaambia kuhusu rangi yako nyeusi, ile ya wajane."

Hidaya aligeuka.

"Ilibidi. Wameipenda. Watagawa kitambaa bure kwa kila mjane wa Tanga kabla ya mwezi kuandama. Bure, Hidaya. Wanachotaka ni kwamba ukishajibu suala la rangi, ukae. Usiende kwenye jicho pole."

Jicho pole hakuna aliyelijua mtaani. Maabara walilijua, kwa kuwa rangi zilipimwa kwa macho mawili ya kigari. Moja lilitafuta mng'ao tu, basi. Jingine, lile pole, lilitazama kiwiliwili: mabega, miguu, namna mtu anavyotua hatua. Halikuhitaji rangi yoyote. Lilihitaji tu kigari kiende mwendo wa baiskeli, ili liwe na muda wa kutazama. Ngeu hai ilipoenea, Kampuni ililizima jicho pole kwenye vigari vyote, na mikate ikaanza kufika ikiwa ya moto.

"Walilizima kwa sababu ya rangi yangu," Hidaya alisema polepole.

"Walilizima kwa sababu ya biashara," alijibu Ndimbo. "Lakini ndiyo. Rangi yako iliwapa nafasi."

2

Wodini, Bi Kibibi alikuwa amekalia kitanda cha mgonjwa kana kwamba ni chake. Alikuwa jirani wa Mwantumu tangu ujana wao, na mdomo wake ulijulikana mitaa yote ya jirani.

"Mimi nakisifu kigari," alikuwa akisema. "Kina adabu. Kimelipisha pipa. Kimeliambia, pita mheshimiwa."

"Kibibi, usinichekeshe, paja linauma."

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo Bi Kibibi," Hidaya alisema akiingia.

"Marahaba, mwanangu," Mwantumu alisema. "Njoo upande huu, usije ukagusa mguu."

Hidaya alitoa kwenye mkoba kitambaa cheusi, akakikunjua juu ya shuka. Akatoa pia kipimo kidogo chenye kioo, cha kuonea kama jicho la kigari. Alikuwa akilisubiri jambo hili tangu alfajiri.

"Ni kaniki, mama. Ukiitazama haing'ai, haimeti. Nimetumia masizi ya chuma, yale meusi kabisa, halafu nikayavika gamba. Mng'ao unatoka, lakini unatoka mbali kupita wekundu, mahali ambapo jicho la binadamu halifiki. Shehe wa msikiti wenu nimemuuliza, kasema haina neno. Hebu tazama humu."

Mwantumu alitazama kiooni. Kaniki iliwaka kama mlango wa tanuri. Akaondoa kioo, ikawa kaniki. Akakirudisha tena machoni, kisha akakiweka kando, akakipapasa kitambaa kwa kidole gumba, namna wanawake wa sokoni wanavyopapasa nguo wasiyoiamini.

"Umeitengeneza kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mikono yako ina baraka." Alikikunja vizuri, pembe juu ya pembe, akamrudishia. "Sasa nijibu. Mimi nikitoka bafuni sijavaa kitu, ni nani?"

"Mama mdogo..."

"Nijibu."

"Ni wewe."

"Kigari kinasema mimi si kitu. Nawe badala ya kukigombeza, umeniletea nguo ili kikubali."

Hidaya alihisi uso ukimwaka. Hakuwa amelala kwa ajili ya kitambaa kile.

"Baba yako mdogo alipokufa," Mwantumu aliendelea, sauti yake ikiwa ya chini, "nilivua dhahabu, nikafuta hina, nikavaa hii ili anayeniona ajue nimefiwa, anipishe. Nguo ya eda ina kazi hiyo. Na walinipisha. Wasukuma mikokoteni walinipisha. Mbwa wa Kibibi yule asiye na haya alinipisha."

"Mbwa wangu amelelewa," alisema Bi Kibibi.

"Leo mashine iliyotengenezwa na watu waliosoma inashindwa na mbwa, halafu mwenye kosa ni mimi, kwa kuwa sikuvaa."

Bi Kibibi ndiye aliyejibu, na safari hii hakutania.

"Ichukue, shoga. Wewe utakaa humu ndani mguu upone, una nafasi ya kukasirika. Mwanakombo je? Mjane, tumbo limefika kidevuni, eda yake mpaka ajifungue, na kila wiki anavuka barabara ile kwenda kliniki. Tumwambie nini? Asubiri mpaka vigari vijifunze adabu?"

Hidaya alimtazama Bi Kibibi, akamtazama mama yake mdogo, na aliona kwamba wote wawili walikuwa wamesema kweli, na kwamba hizo kweli mbili hazingeweza kulala kitanda kimoja.

3

Ukumbi wa baraza ulijaa. Wanawake wa Kisimani walikaa nyuma, na Mwantumu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa mbele kama mti wa kufungia lango.

Wakili wa Kampuni, Bwana Rwechungura, alikuwa na sauti laini na suti iliyomkaa vizuri. Alimpa Mwantumu pole mara mbili. Kisha akaeleza kwamba barabarani kuna watumiaji wanaoonekana na kuna vitu visivyotambulika, na kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, anapoamua kutoka bila rangi, anaamua mwenyewe kuwa upande wa vitu visivyotambulika. Alitaja pia pipa. Majirani walikuwa wamelipaka rangi ya watu bila kibali. Kama kuna wa kulaumiwa zaidi ya mgonjwa mwenyewe, basi tuanze na wao.

Nyuma ya ukumbi mtu alifyonya, mfyonyo mrefu uliofika mpaka mezani kwa mwenyekiti.

"Bi Hidaya Shekiondo."

Hidaya alisimama. Alikuwa mmoja wa wale wanaochagua kiti cha pembeni hata harusini, na sasa macho yote yalikuwa juu yake. Mwenyekiti, Bi Apolonia Lukindo, alimwomba asogee karibu na kipaza sauti.

"Wewe ndiye uliyetengeneza ngeu hai?" wakili aliuliza.

"Ndiyo."

"Na umetengeneza nyeusi inayofaa hata kwa wajane."

"Ndiyo."

"Kama mama huyu angekuwa ameivaa siku ile, kigari kingesimama?"

Hidaya alimtafuta Mwanakombo kwa macho. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono chini ya tumbo, akilibeba. Kitambaa cha bure, kabla ya mwezi kuandama.

"Kingesimama."

"Ahsante sana. Sina la ziada."

Ilikuwa nafasi ya kukaa. Bwana Ndimbo, mstari wa mbele, alikuwa amekwisha kumsogezea kiti. Hidaya alikishika kiti, lakini hakukaa.

"Sijamaliza," alisema.

"Shahidi amejibu swali," alisema wakili.

"Pipa lilikuwa limevaa." Sauti yake ilikuwa ndogo, ila kipaza sauti kiliipeleka kote. "Mmesema mama mdogo wangu aligongwa kwa kuwa hakuvaa. Pipa lilivaa, likaheshimiwa. Pipa halina mguu wa kuvunjika wala mtu wa kulililia. Nilitengeneza rangi ili maskini waonekane upesi zaidi. Sikuitengeneza iwe ndiyo ubinadamu wao."

"Bi Hidaya," mwenyekiti alisema kwa upole, "jikite kwenye kigari."

"Kigari kina jicho jingine. Linaitwa jicho pole. Linamjua mtu kwa umbo na kwa mwendo, awe na kaniki, awe na gunia. Kila siku maabara nalitumia, halijawahi kuniona mimi kama si kitu. Lipo kwenye kila kigari cha mji huu. Limezimwa, kwa sababu likiwashwa itabidi vigari viende kama baiskeli."

Minong'ono ilipanda. Mwenyekiti alimgeukia wakili. "Ni kweli?"

Rwechungura alirekebisha mikono ya shati lake. "Mheshimiwa, mji huu umezoea huduma fulani. Wagonjwa wanafikishwa mapema. Mikate inafika ya moto. Hatuwezi kuurudisha mji mzima nyuma kwa ajili ya mavazi ya watu wachache."

"Mkate," alisema Mwantumu kutoka kwenye kiti chake. Neno hilo tu.

Bi Lukindo aliandika kitu, akakifuta. Mwisho alisema suala ni la kitaalamu, linahitaji wataalamu wengine, na baraza litakutana tena baada ya mfungo. Mpaka hapo, hali ibaki kama ilivyo. Wakili naye alisimama kueleza, kwa masikitiko, kwamba kwa kuwa shauri linaendelea, Kampuni haitaweza kugawa kitambaa chochote.

Nje, Ndimbo alimfikia Hidaya kwenye ngazi. "Umeridhika?" aliuliza. "Ulikuwa nacho mkononi. Yule binti mwenye mimba ulikuwa naye mkononi."

Ndimbo alishuka ngazi mbili, akasimama. "Nyeusi yako ipo maabara, dumu zima," alisema bila kugeuka. "Likipungua, mimi sitauliza."

4

Uani kwa Bi Kibibi kulikuwa na karai kubwa la maji, na ndani yake kaniki za mtaa mzima zikilowa. Nyingine zilitoka kwenye masanduku ya marehemu. Wanawake walikuwa wameamua bila kumwuliza mtu wa baraza: baada ya sala ya alasiri wangetandika mikeka juu ya lami, penye lile shimo, na kukaa matanga. Aliyeuliza matanga ya nani alijibiwa na Bi Kibibi kwamba ni ya watu wote ambao si kitu.

Bi Kibibi alikuwa amekwisha kupiga simu Kampuni. "Nimewaambia tutakuwa barabarani na hamtatuona," alisema. "Nimewaarifu tu, kwa ujirani mwema. Kijana akaniuliza, mtakuwa mmevaa nini? Nikamwambia, mwanangu, hilo ni swali la kumwuliza mkeo."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Kila mtu aliijua kasi ya vigari.

Hidaya aliingia na dumu. Alilitua kando ya karai. Njia nzima alikuwa akiwaza kwamba angeweza kulimimina na asiseme neno. Nyeusi ingebaki nyeusi. Wangekaa barabarani wakijiona mashujaa, vigari vingesimama vyenyewe, wote wangerudi nyumbani wazima. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye na Kampuni.

"Hii ni ile nyeusi," alisema. "Nikiimwaga humu, mtaonekana. Hakuna atakayeumia."

Mikono iliyokuwa ikifua ilitulia.

"Lakini kigari kitasimama kwa ajili ya kitambaa, hakitasimama kwa ajili yenu. Na kesho watasema, mmeona, rangi inatosha. Siwezi kuwaamulia. Na siwezi kuwaficha."

Aliyesema kwanza alikuwa Mwanakombo. "Mimi naitaka," alisema, akainamisha kichwa kwa aibu. "Mtanisamehe. Nina huyu."

"Tukusamehe nini?" Mwantumu alisema. "Utavaa. Na utavaa kila ukienda kliniki, mpaka siku wenye akili watakapokuwa na haya."

"Basi nami nitakaa nanyi mkekani," alisema Mwanakombo.

"Hapana," Hidaya alisema, na wepesi wa sauti yake ulimshangaza mwenyewe. "Ukiwaka peke yako katikati yetu, kigari kitakukwepa wewe na kutupitia sisi. Utakuwa pipa letu. Ama wote, ama hakuna."

Mwanakombo alielewa. Hidaya alimtilia kaniki yake rangi kwenye ndoo ya pembeni, naye akaketi kizingitini na kuikumbatia.

Wengine walitazamana. Kulikuwa na wenye watoto wadogo, na mmoja alinyanyuka, akachukua kaniki yake iliyolowa, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemsema. Bi Kibibi alilisogeza dumu kwa mguu mpaka ukutani, akarudi kufua.

Lami ilikuwa bado na joto la mchana likipenya mikeka. Walikaa wamebanana, na Mwantumu katikati, kiti chake kikiwa kimefungwa magurudumu kwa jiwe. Hidaya alivaa kaniki ya mama yake mdogo, iliyoshonwa palipochanika. Alikaa mbele kabisa, na hakuna aliyemwambia akae pale. Pande zote mbili za barabara watu walijaa, wakiwaka katika nguo zao nyekundu, na kwa jicho la kigari wote walikuwepo, ila hapa katikati palikuwa na njia nyeupe, wazi, isiyo na mtu.

Kigari kilitokea kwenye kona ya kiwanda cha sabuni, kikiwa na nembo ya mikate ubavuni. Kilikuja kwa kasi ileile ya siku zote. Mtu aliye pembeni alianza kusoma dua kwa sauti. Bi Kibibi aliukamata mkono wa Hidaya. Hidaya alitamani kufumba macho. Alijilazimisha kutazama kile kioo cheusi cha mbele, kwa sababu kama kingempitia, angalau kipite kikiwa kimetazamwa na mtu.

Kilifika penye pipa, na hakikupunguza mwendo.

Kisha, kama mgeni aliyebisha hodi asiitikiwe, kikasita. Mwendo ukaanguka. Mahali fulani, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mkono wa mtu ulikuwa umeliwasha jicho pole. Kigari kilijikokota sasa, mwendo wa baiskeli, mwendo wa ng'ombe. Kioo chake kiligeuka kushoto, kikawatazama wanawake mmoja mmoja: bega, kilemba, goti, mguu uliofungwa plasta. Kikasimama karibu na ukingo wa mkeka. Nyuma yake vigari vingine vikasimama pia, msururu mpaka konani, na vyote vikageuza vioo kutazama.

Harufu ya mkate ilikuja.

Mwantumu aliinama mbele kwenye kiti chake, akakitazama kigari kwa muda mrefu, kutoka gurudumu hadi kioo, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta.

"Kumbe kinaona," alisema.